Magari ya umeme: Namna ya kukagua vifaa vya kinga ya umeme mkali bila kuhatarisha maisha

MATONDONI, kijiji kilichoko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kimepata sifa kwa vizazi vingi kutokana na mafundi wake wa kuunda majahazi na mashua. Hapo fundi hashushi chombo majini kabla ya kukikagua. Hupita ubao kwa ubao, akatazama kila mshono uliotiwa kalafati ya pamba, akagonga misumari na kuchunguza deheni iliyopakwa chini ya chombo. Anajua kwamba bahari haimsamehe aliyesahau tundu moja.

Kazi ya fundi wa gari la umeme yafanana sana na hiyo. Naye hukagua kile kinachotenganisha uhai na mauti. Lakini ipo tofauti moja kubwa: maji yanayovuja chomboni huonekana, ilhali umeme hauonekani, haunuki wala hautoi sauti. Anayesubiri kuuhisi ndipo ajue kuwa upo, huenda asipate nafasi ya kuusimulia.

Kisiwani Lamu, punda na vyombo vya baharini ndivyo vilivyobeba watu na mizigo kwa karne nyingi, na magari mengi huishia Mokowe, upande wa bara. Hata hivyo, teknolojia ya kuendesha vyombo kwa betri imekwisha kuingia nchini. Mwaka 2017 iliasisiwa kampuni ya Opibus, ambayo mwaka 2022 ilibadilisha jina ikawa Roam; mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuyageuza magari ya dizeli, yakiwemo ya watalii, yatumie umeme. Mwaka 2022 mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo yalianza majaribio jijini Nairobi. Mwaka 2023 Mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri.

Isitoshe, magari yanayotumia petroli na betri kwa pamoja, kama vile Toyota Prius, yamekuwa yakiingia nchini yakiwa yametumika Japani. Mengi yao huishia mikononi mwa mafundi wa jua kali ambao hawakufunzwa kuyahusu. Makala haya yaeleza vifaa vinavyomkinga mtu dhidi ya umeme wa magari hayo, na namna ya kuvikagua kwa usalama.

Umeme mkali ni upi?

Betri ndogo ya gari la kawaida ina volti 12. Mtu huishika kwa mikono mikavu bila kudhurika na mshtuko. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240, na kila mtu anafahamu madhara yake. Betri kuu ya Nissan Leaf ya mwanzo, gari lililoanza kuuzwa Desemba 2010, ina volti zipatazo 360, nayo hukaribia 400 ikijaa. Betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina volti 201.6, lakini kifaa cha kugeuza umeme kiitwacho inveta huupandisha hadi volti 500 katika kizazi cha pili, na 650 katika cha tatu.

Kanuni za kimataifa za usalama wa magari ya umeme, hasa Kanuni Nambari 100 ya Umoja wa Mataifa, zinauhesabu umeme kuwa mkali ukizidi volti 60 za umeme wa moja kwa moja, kama ule wa betri, au volti 30 za umeme wa kupishana, kama ule wa nyumbani. Mwenye pikipiki ya umeme pia asijidanganye. Nyingi ya pikipiki hizo hutumia betri za volti kati ya 48 na 72. Zile za volti 72 zimekwisha kuvuka mpaka huo.

Walinzi waliomo ndani ya gari

Waundaji wa magari hawakumwacha mtu bila kinga. Ndani ya gari mna walinzi kadhaa, na ukaguzi wa usalama hasa ni kuhakikisha kwamba kila mmoja wao yu macho.

Mlinzi wa kwanza ni rangi. Nyaya zote za umeme mkali huvishwa rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni onyo: usiguse, usikate, usichomoe.

Wa pili ni utengano. Katika gari la kawaida, ncha hasi ya betri hufungwa kwenye bodi. Katika gari la umeme, ncha zote mbili za betri kuu hutenganishwa kabisa na bodi. Hivyo, waya mmoja ukichubuka na kugusa bodi, hapana mzunguko unaokamilika, na mtu hapati mshtuko. Hatari huja kosa la pili likitokea upande wa pili, kwani hapo mzunguko hukamilika, pengine kupitia mwili wa binadamu. Kwa sababu hiyo gari huwa na kifaa kinachopima utengano wakati wote na kuwasha taa ya onyo kosa la kwanza linapotokea. Dereva anayeipuuza taa hiyo kwa kuwa gari bado latembea, anaingoja ajali ya pili.

Wa tatu ni swichi kubwa zinazoitwa kontakta, ambazo hukaa ndani ya sanduku la betri. Kwa kawaida moja hulinda upande chanya na nyingine upande hasi. Aghalabu huwapo ya tatu, ndogo, ambayo huupitisha umeme kidogo kidogo mwanzoni ili cheche zisiunguze zile kubwa. Kontakta hufungwa kwa nguvu ya betri ndogo ya volti 12. Nguvu hiyo ikikatika, springi huziachanisha na umeme mkali hubaki ndani ya sanduku.

Wa nne ni mzunguko wa kufungamanisha. Huu ni waya mwembamba wa umeme mdogo unaopita katika plagi za nyaya za chungwa na, katika magari mengi, katika vifuniko vya vifaa vyake. Mtu akichomoa plagi moja, waya huo hukatika na kompyuta ya gari huamuru kontakta ziachane. Kwa hiyo fundi anayeuunganisha waya huo kwa mkato ili gari liwake, amemlevya bawabu na kuuacha mlango wazi.

Wa tano ni fyuzi na plagi ya huduma. Plagi hiyo huigawa betri katikati. Kwenye Nissan Leaf, imo chini ya zulia la sakafu mbele ya kiti cha nyuma. Kwenye Prius, imo nyuma karibu na betri. Yapo magari yasiyo na plagi ya namna hiyo. Badala yake yana kitanzi cha waya mdogo cha kukatia mfumo. Kitabu cha mwundaji ndicho kinachosema kipo wapi.

Wa sita ni nyaya za kuunganisha vifuniko vya vyuma na bodi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba, hitilafu ikitokea, mtu hawezi kugusa vyuma viwili vyenye volti tofauti.

Kabla ya kugusa lolote

Kanuni ya kwanza ni kwamba asiye na mafunzo ya umeme wa magari hafungui chochote chenye waya wa chungwa. Ya pili, aliye na mafunzo hafanyi kazi hiyo peke yake. Sharti awepo mwenzake anayejua namna ya kumwokoa, mwenye fimbo au ndoano isiyopitisha umeme. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kifuani asikaribie kazi hii.

Saa, pete, mkufu na funguo za mfukoni huvuliwa. Eneo huzungushiwa kamba na kuwekwa kibao cha onyo, ili watoto na wapita njia wasikaribie. Sakafu iwe kavu. Gari likiwa kwenye chaja, lichomolewe kwanza.

Glavu ndizo kalafati ya fundi. Zinazohitajika ni glavu za mpira za daraja 0, zilizotengenezwa kwa ajili ya umeme wa kupishana wa hadi volti 1,000. Glavu za kuoshea vyombo, za hospitali au za ujenzi hazifai kabisa. Juu ya zile za mpira huvaliwa za ngozi, ili ncha kali zisizitoboe. Kila mara kabla ya kuvaa, fundi huikunja glavu kuanzia kwenye mdomo wake ili kubana hewa ndani, kisha huisikiliza na kuitazama. Ikivuja hata kidogo hutupwa. Glavu hizo pia huhitaji kupimwa katika maabara kila baada ya miezi 6, na zisianikwe juani, kwani jua hupasua mpira.

Mita ya kupimia iwe imeandikwa daraja la tatu la usalama, yaani CAT III, kwa volti 1,000 au zaidi. Mita ya bei ya chini isiyo na alama hiyo yaweza kulipuka mkononi. Nyaya zake zikaguliwe zisiwe zimechubuka.

Hatua za kuuzima umeme

Utaratibu kamili hutofautiana baina ya gari na gari, na kitabu cha mwundaji ndicho chenye kauli ya mwisho. Hata hivyo, mpangilio wa kawaida ni huu:

1. Zima gari, kisha peleka ufunguo mbali. Ufunguo wa kubonyeza waweza kuliwasha gari ukiwa karibu. Uwekwe umbali wa mita 5 au zaidi, mahali pa kufungwa.

2. Ondoa waya hasi wa betri ya volti 12. Hapo kontakta hupoteza nguvu inayozishikilia.

3. Vaa glavu, kisha chomoa plagi ya huduma. Itie mfukoni au uifungie kwenye sanduku ambalo ufunguo wake unao wewe. Plagi iliyoachwa juu ya kiti itarudishwa na mtu asiyejua kuwa mikono yako imo ndani ya gari. Ziba tundu lake kwa utepe usiopitisha umeme.

4. Subiri. Ndani ya inveta mna kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme hata baada ya betri kukatwa. Nissan na Toyota hutaka mtu asubiri dakika 10. Dakika hizo zihesabiwe kwa saa, si kwa kukisia. Haraka haraka haina baraka, na hapa baraka ni uhai wenyewe.

5. Pima. Kwanza ijaribu mita kwenye chanzo unachojua kina umeme, ili uhakikishe ni nzima. Kisha, ukiwa bado na glavu, pima mahali palipotajwa na mwundaji: kati ya chanya na hasi, kati ya chanya na bodi, na kati ya hasi na bodi. Usomaji wote uwe sifuri au karibu na sifuri. Halafu irudishe mita kwenye chanzo kile kile na uijaribu tena. Mita iliyokufa katikati ya kazi nayo huonyesha sifuri.

Baada ya hatua ya tano kukamilika, na si kabla yake, ndipo gari lihesabiwe kuwa limezimwa. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo halibadiliki: betri yenyewe haizimiki. Plagi ya huduma ikitoka, betri ya volti 360 hubaki vipande viwili ambavyo kila kimoja chaweza kuwa na volti zipatazo 180. Kwa hiyo sanduku la betri lisifunguliwe katika gereji ya kawaida.

Mambo ya kukagua

Ukaguzi huanza kwa macho. Nyaya za chungwa zifuatwe toka mwanzo hadi mwisho: je, zimechubuka, zimetafunwa na panya, au zimelegea kwenye vishikizo vyake? Plagi zitazamwe kama kufuli zake zimeingia barabara. Sanduku la betri chini ya gari likaguliwe kama limepondwa na mawe. Vifuniko viwe na boliti zote, na nyaya za kuunganisha na bodi ziwe zimekazwa bila kutu.

Baada ya macho huja vipimo. Cha kwanza ni utengano. Kanuni Nambari 100 yataka sehemu za umeme wa moja kwa moja ziwe na kizuizi kisichopungua omu 100 kwa kila volti, na sehemu za umeme wa kupishana omu 500 kwa kila volti. Kwa gari la volti 400, hiyo ni omu 40,000 na omu 200,000 mtawalia. Maana ya hesabu hii ni rahisi: gawanya 400 kwa 40,000, utapata miliampea 10, gawanya 400 kwa 200,000, utapata miliampea 2. Hicho ndicho kiwango cha juu cha umeme kitakachoweza kuvuja. Kwa kulinganisha, swichi ya kinga dhidi ya mshtuko katika nyumba nyingi hukata umeme uvujao unapofika miliampea 30.

Gari zima lenye afya kwa kawaida huonyesha zaidi sana ya kiwango hicho. Kipimo hufanywa kwa mita maalumu ya utengano, ambayo hutoa volti zake yenyewe, mara nyingi 500. Mita hiyo itumike tu pale panapoelekezwa na mwundaji, kwani yaweza kuunguza vifaa vya elektroniki, na isielekezwe kwenye betri yenye umeme.

Cha pili ni uunganishaji wa bodi. Kizuizi kati ya kifuniko cha chuma na bodi kisifikie omu 0.1. Mita ya kawaida haisomi vyema kiasi kidogo hivyo. Huhitajika mita ya omu ndogo.

Cha tatu ni kontakta. Ikiwa gari limezimwa, betri ndogo imeondolewa, muda umepita, na kabla ya kuchomoa plagi ya huduma kompyuta ya gari ilikuwa imeonya kuwa kontakta imekwama, basi yawezekana ncha zake zimeungana kwa joto la cheche. Gari la namna hiyo limepoteza mlinzi wake mkubwa, na halifai kurudi barabarani kabla ya kutengenezwa.

Cha nne ni fyuzi na mzunguko wa kufungamanisha. Kompyuta ya uchunguzi ndiyo husoma makosa yake. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa ile ile aliyoitaja mwundaji. Fyuzi ya umeme wa nyumbani haiwezi kuizima cheche ya betri ya volti 400, na kipande cha waya ni mauti yaliyofungwa kwa skrubu.

Chumvi ya bahari

Kwa wakazi wa pwani lipo adui wa ziada. Hewa ya bahari hubeba chumvi, nayo hula shaba ya plagi na kuacha unga wa kijani. Chumvi ikichanganyika na unyevu hupitisha umeme, na hivyo utengano hushuka pole pole. Ndiyo maana mpira wa kuzuia maji katika kila plagi hukaguliwa, na plagi yenye unga wa kijani hubadilishwa badala ya kukwanguliwa kwa kisu.

Hatari kubwa zaidi ni betri kuzama. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilipoisukuma bahari hadi bandari ya Newark nchini Marekani, baadhi ya magari ya Fisker Karma yaliyokuwa yameegeshwa hapo yaliteketea. Mwaka 2022, baada ya kimbunga Ian katika jimbo la Florida, baadhi ya magari ya umeme yaliyofunikwa na maji ya chumvi yalishika moto, mengine siku kadhaa baadaye.

Funzo kwa mwenye kuvusha chombo cha betri kati ya bara na kisiwa ni wazi. Kikizama, kisichajiwe wala kuwashwa, hata kama kimekauka. Kiwekwe nje, umbali wa mita 15 au zaidi kutoka kwenye nyumba, makuti, mbao au vyombo vingine, hadi mjuzi akikague. Kwa kijiji chenye mapaa ya makuti na mabanda ya mbao za kuundia vyombo, agizo hilo si la kupuuzwa. Kanuni hii yahusu pia mashine za boti zinazoendeshwa kwa betri.

Mtu akinaswa

Mtu aliyenaswa na umeme asishikwe kwa mikono mitupu. Umeme ukatwe kwanza. Ikiwa haiwezekani, avutwe kwa ndoano isiyopitisha umeme. Akiwa hapumui, afanyiwe mara moja huduma ya kukandamiza kifua huku msaada ukiitwa kwa nambari 999 au 112. Akionekana mzima pia apelekwe hospitalini, kwa kuwa mapigo ya moyo yaweza kuvurugika baadaye na jeraha la ndani halionekani kwenye ngozi. Kutoka Matondoni hadi hospitali ya King Fahd mjini Lamu ni safari ya kukatiza kisiwa, na kila dakika iliyopotea kabla ya kuondoka ina gharama yake.

Kila mtu na mpaka wake

Mwenye gari aweza kuangalia kwa macho, kuzingatia taa za onyo na kuweka chaja yake pakavu. Fundi wa kawaida aweza kushughulikia magurudumu na taa, maadamu haondoi kifuniko chenye alama ya umeme. Breki za baadhi ya magari haya huendeshwa na kompyuta, hivyo nazo zahitaji kitabu cha mwundaji. Nyaya za chungwa ni za aliyefunzwa, mwenye glavu, mita na mwenzake pembeni. Kilichomo ndani ya sanduku la betri ni cha wataalamu wachache mno.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Katika kazi hii kinga ipo, na bei yake ni glavu nzima, dakika 10 za subira na vipimo vitatu vya mita. Fundi wa Matondoni hajawahi kuona haya kurudia kukagua mshono alioutia kalafati jana. Fundi wa gari la umeme naye asione haya kupima mara ya pili.